Boomu Lililonunua Nyavu

Jumamosi hiyo asubuhi Daktari Evalina Masunga alikuwa anakoroga uji simu yake ilipolia. Ilikuwa taarifa ya deni aliyoiomba Bodi ya Mikopo. Akaisoma amesimama, akaisoma tena amekaa. Katika zile milioni ishirini na tatu alizokopeshwa akisomea udaktari, zilibaki laki sita na elfu arobaini tu!

Alipiga kelele mpaka jirani akauliza kulikoni. Uji uliungua.

Ilikuwa mwaka 2019, mwaka wake wa tano hospitalini Bariadi. Kila mwezi mshahara ulimfikia umeshakatwa. Zahanati za watu binafsi zilikuwa zimefunguliwa kila senta ya biashara, naye akapata moja kule Lamadi ya kufanya zamu za Jumapili. Hela ya zamu hakuigusa. Yote ilikwenda kwenye deni. Wenzake walishanunua magari. Yeye alipanda bodaboda na wala hakuona haya.

Akampigia mama yake, Stephania, muuza dagaa wa Nassa, akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu! Deni linaisha! Makato ya miezi mitatu tu, basi!"

"Imebaki shilingi ngapi?"

Evalina akamtajia.

"Usilipe kitu. Nakuja." Simu ikakatwa.

Saa sita mchana Stephania alishuka stendi ya Bariadi, Evalina alipokuwa akimngoja, amejifunga kitenge kipya, mkono mmoja umebana kifua kama mwenye siri. Hata salamu hakuimaliza.

"Kalipe sasa hivi. Hela ninayo."

"Mayu, hili ni deni langu. Nilisaini mwenyewe."

"Ulisaini wewe, tukala wote. Umesahau mwaka ule dhoruba ya ziwani ilipobeba nyavu zangu za dagaa?"

Evalina hakusahau. Alikuwa mwaka wa pili chuoni, Mwanza, na boomu, ile hela ya mkopo ya kula na kulala, lilikuwa limetoka juzi yake. Alituma nusu nyumbani, akamdanganya mama kwamba ni akiba. Kisha akala mlo mmoja kwa siku hadi muhula ukaisha.

"Ulijuaje?" aliuliza.

"Ulirudi likizo shingo imekuwa ndefu kama ya bata, halafu unaniambia una akiba! Nyavu zile zimesomesha wadogo zako wawili. Na mimi nilikopa, mwanangu, ila huko Bodi hawana jina langu."

Evalina alimshika mama mkono, wakavuka barabara kwenda kwa wakala wa benki. Walikwenda kama wanaokimbia.

Zamu yao ilipofika kwenye foleni, Evalina alitaja namba ya malipo. Stephania alifungua fundo la kitenge, akahesabu noti mwenyewe, moja moja, zikinuka dagaa. Binti wa dirishani alibonyeza mashine. Wakasubiri. Mashine ikatoa karatasi.

"Imekubali," binti alisema.

Stephania alipiga vigelegele hadi watu wakatoka maduka ya jirani.

"Kuna harusi?" mmoja akauliza.

"Zaidi ya harusi! Daktari wangu hadaiwi!"

Mwalimu mmoja kwenye foleni, Joakim, alicheka, kisha akasogea karibu na kunong'ona kwamba yeye hata hajui deni lake limefikia wapi. Evalina akamwelekeza namna ya kuomba taarifa, akamwandikia na namba ya kupiga, huku mama yake akiendelea kucheza barazani, viatu mkononi.

Barua ya kumaliza deni ilifika baada ya wiki tatu. Evalina alikuwa wodini, lakini hakuweza kungoja. Alisimama dirishani, akampigia mama, akaanza kumsomea taratibu, akimfafanulia kwa Kisukuma.

"Hapo pa kutodaiwa," Stephania alimkatiza, "rudia."

Akarudia.

"Tena, mwanangu. Wabeja sana, asante. Tena."

Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni na faili la mgonjwa. Evalina alimwinulia kidole kimoja asubiri kidogo, akasoma kwa mara ya tatu, kwa sauti ya kusikika wodi nzima.