Kisu cha Mzee Semboja

Watu wa Kwamsisi walikuwa wakila kwangu kwa sababu ya kisu cha Mzee Semboja, si kwa sababu ya mkono wangu. Nililijua hilo, ndiyo maana sina wa kumlaumu. Mimi ni Mkristo, mtoto wa wafugaji, mwenye baa: pombe uani, nyama mbele. Miaka kumi na tatu Semboja alinichinjia kila mbuzi kwa bismillahi, na Waislamu wakakaa pale mbele na soda zao, ugali na nyama choma, bila wasiwasi. Mzee Mhina, mmoja wao, alikuwa akinitania kwamba kama peponi kuna jiko, basi nitakabidhiwa mimi, Mama Siamanta.

Siku ile ya mnada Semboja hakutokea. Saa sita mabenchi yakajaa. Kaka yangu Kasaine akanionea huruma, akamlaza mbuzi nyuma ya banda, akamziba pua na mdomo mpaka akatulia, kama tufanyavyo nyumbani ili damu isipotee. Nilimwona. Ningeweza kusema, wazee wangu, leo nyama hakuna. Maharage ya nazi yalikuwa tayari jikoni. Nikaona aibu kuwarudisha watu, nikajiambia nyama ni nyama. Mjinga mimi.

Wakala. Mzee Mhina alikuwa kwenye ubavu wa pili Semboja aliposhuka kwenye bodaboda, amejifunika shuka, anatetemeka, kisu amekizungushia gazeti.

"Mama Siamanta, nisamehe, homa imenilaza. Yuko wapi huyo mbuzi nimchinje?"

Hakuna aliyetafuna tena. Mzee Mhina akatoa nyama mdomoni kwa vidole, akaiweka pembeni ya sahani, akaomba maji. Nilimmiminia mwenyewe. Akasukutua mara tatu.

"Mwanangu," akasema bila kupandisha sauti, "ungetuambia. Tungekula maharage."

Wakaondoka wote. Semboja alibaki kidogo, ameshika kisu chake kisafi.

"Wamekula kwa jina langu, mama," akasema, naye akaenda.

Huu ni mwezi wa nane tangu siku ile. Kila mnada nainjika maharage ya nazi, sufuria ileile kubwa. Wanapita ng'ambo ya barabara, na shikamoo yangu Mzee Mhina anaiitikia vizuri tu. Hakuna anayeuliza jikoni kuna nini. Jioni nakula peke yangu, yanayobaki nawamwagia kuku.