Kibano cha Mti

Wiki nzima binti wa seremala alitembea kama hakanyagi chini. Alikuwa amechukua kipande cha grafiti, ile ile ya ndani ya penseli, akakipiga kwa ayoni, yaani atomi zenye chaji, ndani ya mashine ndefu kama ukumbi. Ayoni zilipenya na kuzing'oa atomi za kaboni mahali pake. Alipokipima, kilikuwa na usumaku. Kaboni tupu! Wenzake maabara walimpigia makofi. Mkuu wao, mama mmoja asiyesifu ovyo, alisema tu, "Sasa pima kipande ambacho hakijapigwa."

Akakipima. Nacho kilikuwa na usumaku, vile vile.

Jioni alikwenda kwenye karakana ya baba yake, akamkuta anapiga randa ubao wa kitanda. Alikaa katikati ya maranda, machozi yakamtoka.

"Nani kakuliza, mama?"

"Kibano, baba. Kile cha chuma ninachoshikia vipande. Kinaacha vumbi la chuma ambalo hata jicho halilioni. Miezi minane napima kibano!"

Midomo ilimcheza mzee, lakini akajikaza asicheke. Habari za ayoni zilimpita kando. Habari za kifaa kibovu alizijua vizuri.

"Kina urefu gani?"

Akamwonyesha kwa vidole. Baba akachagua kijiti cha mti mgumu, akakipasua karibu chote, akaacha nyuma pashikane, kisha akaanza kuchonga ncha.

"Baba, kisu chako nacho ni chuma."

Mzee akasita, akakitazama kisu kama rafiki aliyemwangusha. Akaenda pembeni, akarudi na kigae cha kioo kilichovunjika, akaanza kukwangua taratibu, akipuliza unga, mpaka tabaka lote lililoguswa na kisu likaisha. Chai ilipoa mezani.

"Jaribu kushika unywele," alisema.

Akaushika.

Kule maabara alianza upya. Alikata vipande vipya kwa kioo, akaviosha kwa asidi, akavishika kwa kibano cha mti. Kisichopigwa hakikuonyesha kitu. Kilichopigwa kikaonyesha, kidogo mno. Mkuu alikodolea karatasi ya grafu macho. "Rudia mara tatu." Alirudia, na mara zote tatu mstari ulipanda pale pale. Mkuu akamgusa bega, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya.

Binti akatoka kwenye korido, akapiga simu.

"Sumaku imetoka, baba. Ila ndogo, haifiki hata moja ya kumi ya ile ya mwanzo."

"Lakini safari hii si ya chuma?"

"Si ya chuma. Ni ya kaboni yenyewe."

Akasikia mashine ya kupasulia mbao ikizimwa, na sauti ya mteja ikilalamika.

"Ngoja kwanza, bwana," baba alimwambia mteja. "Naongea na mwanangu." Kisha akarudi kwenye simu. "Haya, nieleze tangu mwanzo. Pole pole, nielewe."