Marehemu Mke wa Aníbal

Mume wangu aliniua katika sura ya tatu. Homa ya mapafu, siku mbili, kwisha. Kufikia sura ya tano alikuwa ameshaoa mke mwingine, Irma, mwenye nywele zangu, aproni yangu na jiko langu. Mimi nikabaki kaburini na jina langu, Delfina.

Angeandika habari za watu wa mbali ningenyamaza. Lakini Aníbal ni wa wale waandishi wanaojitia wenyewe vitabuni mwao. Msimulizi anaitwa Aníbal, anakaa hapa Paysandú, mtaa wetu, nyumba yetu ya mlango wa kijani, na nyama ananunua kwa Braulio wetu. Jaladani pameandikwa "riwaya", lakini nani husoma jalada? Kila kitu mle ni kweli isipokuwa kifo changu, na watu wakaona haiwezekani kitabu chenye ukweli wote huo kidanganye jambo moja tu.

"Bi Irma, karibu!" Braulio aliniita juzi, kisu mkononi. "Mbavu za leo zimenona."

"Braulio, mimi Delfina. Umenikatia nyama miaka yote hii, leo hunijui?"

"Nakujua, nakujua," akacheka. "Ila marehemu alikuwa hali mbavu. Imeandikwa!"

Wateja wakaangua kicheko. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nikachukua mbavu zangu nikaondoka. Zamani nilikuwa nabisha. Siku hizi nimechoka, naitika tu.

Kilichonikata maini ni Aníbal mwenyewe. "Irma, chumvi iko wapi?" Mwanzoni ulikuwa utani. Kisha utani ukaisha, jina likabaki.

Basi redio ya Montevideo ilipoleta habari kwamba watamtuma binti kuja kumhoji, nikamwomba mume wangu kitu kimoja.

"We mzee, kesho mbele ya mgeni uniite jina langu. Mara moja tu. Sema: huyu mke wangu, Delfina."

"Sasa hilo nalo la kuombwa?" akasema, miwani puani. "Nitasema."

"Apa."

"Haki ya Mungu, mama."

Binti akaja, Ximena, mpole, na kinasa sauti chake. Aníbal akamweleza kwamba maisha na hadithi vinalala kitanda kimoja na kugombania blanketi. Mimi nilisimama mlangoni, chupa ya maji moto kwapani, nikingoja.

"Na Delfina?" Ximena akauliza taratibu. "Alikuwapo kweli?"

Aníbal akanitazama. Nililiona jina langu likimfika mdomoni kabisa. Kisha akatazama kile kitaa chekundu cha kinasa sauti, na machozi yakamtoka. Yalikuwa ya kweli; machozi ya mume wangu nayajua.

"Alikuwapo," akasema. "Haipiti siku nisimkumbuke. Irma, hebu mwambie mgeni Delfina alivyokuwa akicheka."

Wote wawili wakanigeukia.

"Kwa sauti," nikasema. "Alikuwa akicheka kwa sauti."

Wakati wa kuaga, Ximena alinikumbatia. "Pole, bibi. Si rahisi kuishi na kivuli cha mwenzio."

Alipokwenda zake tukakaa uani. Aníbal alijua amekosa, kwa sababu alitengeneza mate, ile chai yetu ya majani tunayoivuta kwa mrija kutoka kibuyu kimoja, kwa mikono yake mwenyewe, akanipa kibuyu mimi kwanza. Nikavuta. Sukari! Irma wa kitabuni ndiye hunywa ya sukari. Mimi tangu utoto nanywa chungu. Nikainywa hivyo hivyo mpaka mrija ukakoroma, nikamrudishia.

"Asante," nikasema.

Kwetu mtu hashukuru mate katikati. Kibuyu kinakwenda na kurudi kimya kimya, na mwenye kusema asante amemaliza, hataki tena. Na chupa yetu ilikuwa bado imejaa.

"Moja tu?" akauliza. "Hata hujaanza."

"Asante, Aníbal."

Mkono wake ukasimama hewani. Alielewa, nilimwona akielewa. Akakitua kibuyu polepole mezani, akapapasa mfuko wa shati akitafuta kalamu.

"Hiyo nzuri," akasema. "Irudie, Irma, niipate sawasawa."