Kistari cha Tatu

Tangu amwoe Zuleha, Uweso hakuwahi kula sinia moja na mama mkwe wake. Wakikutana njiani pale Mkwaja, huinamisha macho mpaka kanga yake ipite. Leo alikuwa amelala kifudifudi kwenye tope la ukingo wa hori la bahari, anamtazama kwa darubini ya bunduki.

Mkwe huyo, Bi Chiku, alikuwa ng'ambo, juu ya mkoko, kanga moja tu imembakia. Asubuhi alivuka kwenda kutafuta chaza. Mamba akaupindua mtumbwi wake, naye akaparamia mti wa karibu, akiwa na simu yake ndani ya mfuko wa plastiki. Sasa maji yalikuwa yanajaa. Tawi alilokalia lilikuwa la mwisho la kuweza kumbeba, na mamba alizunguka chini yake bila haraka. Mitumbwi mingine yote ilikuwa imetoka.

"Mita mia tatu," alisema Zebedayo, askari mwenzake wa wanyamapori. "Zungusha kitasa cha umbali cha darubini, upige katikati ya msalaba."

"Nitakuwa bado nazungusha, mamba keshahama. Natumia alama."

Ndani ya kioo, chini ya msalaba, kulikuwa na vistari, kila kimoja na umbali wake. Cha tatu ndicho cha mia tatu: ukikilaza juu ya shabaha, mtutu unainuka kufidia kushuka kwa risasi. Uweso alikilaza kwenye kichwa cha mamba. Kidole kikaanza kubana.

Akakiachia ghafla. Alikuwa amepunguza ukuzaji ili awaone wote wawili, mamba na ile miguu iliyoning'inia. Vistari vya darubini ile husema kweli ukuzaji ukifika mwisho tu. Ukipunguza, mtutu unainuka kupita kiasi, na juu ya mamba palikuwa na miguu ya Bi Chiku.

Akiiona miguu, alama zinadanganya. Alama zikisema kweli, miguu haioni. Alitamani kuitupa bunduki majini.

"Mwambie mama akunje miguu," alimwambia mkewe, aliyeshika simu.

Zuleha alisikiliza, machozi yakamtoka. "Hataki. Anasema akikunja kanga itafunuka, na wewe unamtazama."

Maji yaligusa nyayo za Bi Chiku. Uweso akaomba simu, akafungua spika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Sauti ilitetemeka. "Geuka, baba. Bora mamba."

"Mama, nakuza kioo mpaka mwisho. Nitamwona mamba peke yake. Wewe sitakuona hata ukucha, wallahi."

"Na huyo mwenzio?"

Zebedayo alikuwa ameshageuza uso.

Uweso akailaza simu kwenye tope, akazungusha pete ya kukuzia mpaka ikagota. Bi Chiku akatoweka. Zuleha, kwa macho matupu, aliona majani na rangi ya kanga tu.

"Kunja sasa, mama."

"Nimekunja."

Akafyatua. Maji yakaruka, na tumbo jeupe likageuka juu.

"Mama?"

Simu haikujibu. Mkono wa Uweso ulikuwa kwenye ile pete. Angeirudisha kidogo tu, angejua kama mama yu hai. Lakini alikuwa ameapa. Akatoa risasi zote, akamsukumia mkewe bunduki.

"Tazama wewe."

Zuleha akalala topeni, akatazama. Mabega yakaanza kumtikisika, na Uweso hakujua kama analia au anacheka.

"Sema, mwanamke!"

"Simu imemwanguka," alisema Zuleha. "Anafunga kanga."