Mawe ya Kando ya Njia

Lorena Ketcher alisafiri kutwa nzima kutoka Oklahoma hadi Misuri kuona kazi ya binti yake. Binti huyo, Ahniwake, alikuwa msimamizi wa kuhifadhi kipande cha ile njia ambayo, katika karne ya kumi na tisa, askari waliwaswagia mababu zao Wacherokee, wenyeji wa asili wa Marekani, wakati wa baridi kali, walipofukuzwa kwao. Watoto na vikongwe walifia njiani.

Kazi ilikuwa safi mno. Njia imefagiwa, na kibao kipya kimesimama juu ya msingi wa mawe: "Tuwaenzi Waliolala Hapa."

"Mawe mazuri," Lorena alisema. "Mmenunua?"

"Wapi, mama! Yalikuwa yamezagaa tu kule mitini."

"Yamezagaa mawili mawili?"

Ahniwake akageuka kuyatazama mawe.

"Moja kichwani, moja miguuni. Hongera, mwanangu! Askari waliwafukuza majumbani, wewe umewafukuza makaburini. Na kibao umewawekea, wasikose heshima."

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Kila nilipokuita tukapalilie makaburi ya bibi zako, ulikuwa na mtihani. Nami, mama mwenye akili nyingi, nikakuacha usome." Akainama, akagusa jiwe la msingi. "Mlipiga picha kabla hamjayang'oa?"

"Tulipiga za baada ya usafi. Zimependeza."

"Hazikosi kupendeza."

Ahniwake akachukua mtaimbo, akaanza kubomoa msingi huku akilia. Lorena akapiga magoti mitini, akipapasa majani makavu, akitafuta palipobonyea.

Hadi jua linazama alikuwa amepata makaburi mawili. Mawe ya msingi yalikuwa arobaini.