George Pell Wawili

Kila asubuhi Njoki alikuwa akimimina maji ya moto kwenye vikombe viwili, chake na cha mwenzake Salvatory, kisha anakaa kusoma maneno ya Kiingereza kabla hayajachapwa. Hiyo ndiyo kazi aliyopewa katika kiwanda kidogo cha kuchapa vitambaa pale Sanyuanli, mtaa wa Guangzhou, China.

Alhamisi hiyo hajajaza hata kikombe cha pili, Bi Huang mwenye kiwanda akaingia, simu mkononi.

“Nani amefuta jina?” aliuliza kwa Kichina.

Kwenye simu palikuwa na barua ya mama mmoja wa Wenstead, kijiji cha mashambani huko Uingereza. Kanisa lao linatimiza miaka mia nane, nao wameagiza vitambaa mia sita vya kukaushia vyombo, vyenye historia ya kijiji. Njoki alikuwa ameisoma historia ile mara tatu, mara mbili zaidi ya ilivyohitajika. Mwaka 1349 tauni ilibeba nusu ya watu. Baadaye tajiri mmoja akazungushia ua malisho ya wote, na wasio na shamba wakahama. Reli ilipokuja, ikapita mbali. Aliona ni kama masimulizi ya bibi yake kule Nyeri: nani alitwaa ardhi, nani alikwenda vitani asirudi.

Wenstead walikwenda vitani wakapotea saba. Kitambaa kilitoka na majina sita. Kwenye orodha iliyoletwa, George Pell alikuwa ameandikwa mara mbili, kwa sababu walikuwa wawili, mtu na binamu yake, wote wamepewa jina la babu yao.

Njoki alilisoma tena jina lile. Katika ukoo wao akina Njoki walikuwa wanne, wote wamerithi jina la bibi. Mwingine angekosea hapo akaeleweka; yeye je?

“Maandishi anapanga Salvatory,” Bi Huang alisema. “Akusanye vitu vyake.”

“Laoban,” Salvatory alisema, kama wanavyoitwa waajiri wote wa Guangzhou, “mimi napanga ninacholetewa.”

“Uliletewa na nani?”

Salvatory alimtazama Njoki, akageukia mashine. “Sikumbuki.”

Njoki alimsogelea, akanong’ona kwa Kiswahili. “Unafanya nini? Ukikosa kazi, viza nayo imekwenda.”

“Na yako je? Tulia, dada. Kuna fundi wa Foshan ananitaka tangu mwaka jana.”

“Muongo wewe.”

“Basi niache nidanganye vizuri.”

Akainama kutafuta ndala zake chini ya meza. Alizipiga vumbi, moja baada ya nyingine, akazitia kwenye mfuko wake wa nguo.

“Laoban,” Njoki alianza, “labda mashine…”

“Mashine haijui kusoma.”

“Labda tuwaandikie kwamba…”

“Kwamba nini?”

Njoki aligeuka. Salvatory alikuwa ameshachukua koti, yuko mlangoni, anahangaika na zipu iliyokwama.

“Kwamba ni mimi,” Njoki alisema, na safari hii sauti ilifika hadi mlangoni. “Niliona jina limerudiwa, nikalifuta bila kumuuliza mtu. Salvatory hana kosa. Walikuwa watu wawili, laoban. Wawili, na wote walikufa.”