Siku Kamen Alipojibu Madiwani

Mjini kwetu husema akili ya kaka yangu Kamen ilisimama utotoni. Mimi sisemi hivyo. Ana miaka thelathini na mmoja, na kuchambua pilipili za kukaanga ananishinda. Ila hawezi kuachwa peke yake.

Kila asubuhi gari lilimpeleka Nyumba ya Mchana, kituo wanakotunzwa watu kama yeye hadi jioni, pamoja na wenzake kumi na wanane, nami nikaenda kushona kiwandani. Mwezi Machi baraza la mji likasema litaifunga. Asiye na mtu wa kushinda naye nyumbani angepelekwa kwenye lile jengo la mlimani, wanakowekwa wasiojiweza maisha yao yote. Mama yetu aliwahi kufanya kazi jikoni huko, na mpaka anakufa alikataa kutusimulia aliyoyaona.

Wazazi wakaunda chama. Bi Stoyanka, mwalimu mstaafu ambaye mwanawe Ognyan hasemi kabisa, ndiye aliyekiongoza. Alisema siku zote tunawasemea watu wetu. Safari hii mmoja wao asimame aseme mwenyewe. Wakamchagua Kamen. Mimi nikapewa kazi ya kumfundisha, ingawa shule niliishia darasa la tano na mbele ya watu ulimi wangu hukauka.

Wiki tatu tulirudia maneno huku tukimenya viazi. Bi Stoyanka alitaka azoee kujibu bila woga: akiulizwa anaweza nini, aseme, ninaweza mwenyewe. Kamen aliyapenda maneno hayo. Akifunga viatu, ninaweza mwenyewe. Akimwaga supu, ninaweza mwenyewe, Nevena, wewe kaa.

Siku ya kikao alivaa koti la marehemu baba. Alisema yote bila kukosea: jina lake, nyanya anazopanda, rafiki zake, na kwamba mlimani hataki. Ukumbi mzima ukapiga makofi, hata meya. Kamen akageuka kunitafuta. Sijapata kumwona amenyooka vile.

Ndipo diwani mmoja, Bwana Peychev mwenye duka la vyuma, akaomba kumuuliza. Sauti yake ilikuwa ya upole.

"Kamen, kijana wangu, umetushinda sisi kwa kusema. Hebu niambie, nyumbani unaweza kubaki peke yako?"

"Ninaweza mwenyewe."

"Na kupika?"

"Ninaweza mwenyewe."

"Na dawa zako?"

"Ninaweza mwenyewe, mjomba."

Peychev akawageukia wenzake, akasema waheshimiwa wamejisikilia, mji unagharamia nyumba nzima kwa ajili ya watu wanaojiweza. Mtu wa nyuma akasema basi huyo naye apewe udiwani, wakacheka. Bi Stoyanka alipekua karatasi zake. Meya akauliza kama kuna mwingine kabla ya kura.

Nikasimama.

"Hawezi," nikasema.

Nilieleza kwamba wakati wa baridi alitumbukiza mkono kwenye jiko la kuni ili atoe kiazi, na kovu liko chini ya mkono wa koti lile. Nilieleza kwamba dawa za wiki nzima alizimeza asubuhi moja. Peychev alikuwa bado anatabasamu. Basi nikasema na lililobaki: kwamba kila usiku namvalisha nepi, na kila asubuhi namwosha mimi, mdogo wake wa kike.

Peychev aliacha kutabasamu. Hakuna aliyecheka tena.

Nyumba ilinusurika kwa kura mbili. Wazazi walinizunguka, Bi Stoyanka akalia begani kwangu, akisema, "Umetuokoa, mwanangu." Nilipomtazama Kamen, alikuwa amevua koti na kulishikilia mbele ya suruali yake kwa mikono miwili.

Tangu siku hiyo haendi. Gari husimama langoni, Ognyan hugonga kioo kumwita, na Kamen hubaki kitandani ameelekea ukutani. Nilimwambia kule wote wanampenda.

"Wanajua," alisema.

Kiwandani cherehani yangu amepewa mwingine. Nafasi ya Kamen wataishikilia hadi mwisho wa mwezi, kisha aliyeko kwenye orodha ya wanaosubiri ataingia. Bi Stoyanka alikuja kunieleza hayo akiwa amesimama mlangoni, hakutaka kuketi.

Kamen hakubali tena nimvalishe. Analala hivyo hivyo. Asubuhi anatoka kwenda kusimama uani hata kama mvua inanyesha, nami natandua shuka haraka na kutandika jingine, ili akirudi akute kitanda kikavu na asinikute mimi.